Mchango wa harusi kutoka Mwadui

Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu, amekuja kunitembelea, kuona mataji ya kifalme pale Tower of London. Mbele ya mataji unapanda mkanda unaotembea, unapitishwa taratibu kama sanduku la uwanja wa ndege. Nafika tu usawa wa almasi ya Koh-i-Noor, simu ikatetemeka. Kamati ya harusi ya binamu, Shinyanga: "Ndugu zetu wa nje, ahadi zenu bado." Kuinua macho, jiwe limeshapita.

Nilikasirika. Kila orodha "wa nje" tunawekwa juu kabisa, kana kwamba pauni huku zinaokotwa. Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini kaoa: niliambiwa nifike tu, nikala, nikarudi kulala. Raha tupu.

Haya, anzeni: "Keshakuwa mzungu huyo." Jamani, nalalamika nikiwa nachanga, harusi mbili tatu kwa mwaka.

Tukarudi kwenye mkanda mara ya pili. Hiyo Koh-i-Noor, Nader Shah wa Uajemi aliibeba kutoka Delhi 1739, ikaangukia kwa watawala wa Afghanistan, Ranjit Singh, mfalme wa Punjab, akaichukua Lahore 1813. Mwaka 1849 Waingereza wakamsainisha mwanawe, Duleep Singh, mkataba wa kuikabidhi. Alikuwa na miaka 10! Kwetu mtoto wa umri huo hata laini ya simu hajisajilii mwenyewe. Almasi ya Cullinan ndiyo kichekesho zaidi: serikali ya Transvaal, nchi ya Makaburu huko Afrika Kusini, iliinunua kwa pauni 150,000, ikampa Mfalme Edward VII mwaka 1907, miaka mitano tu tangu Waingereza wawapige Makaburu vitani. Eti zawadi.

Mdogo wangu akauliza, la kwetu liko wapi? Halimo. Almasi ya rangi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilitoka ardhini 1947, karati 54.5, na mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akampa Elizabeth kwa harusi yake kabla hajawa malkia. Ilipokatwa zikabaki karati 23.6, Cartier wakaiweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Malkia aliivaa hata kwenye harusi ya Charles, 1981. Na inaitwa kwa jina la Williamson.

Wapo watakaosema ingebaki kwetu tungeiuza wiki hiyohiyo. Labda. Sikatai, najua tulivyo. Lakini ule ulikuwa mchango wa harusi, na mchango kwetu una daftari. Ukitoa elfu kumi unaandikwa elfu kumi, kwa jina lako, ukiahidi usipotoa unaandikwa pia. Waliopiga sururu na kuchekecha mchanga pale Mwadui wako ukurasa gani?

Kwenye treni nikatuma ahadi yangu, bado nikinung'unika. Mweka hazina hakuchukua dakika mbili: "Imeingia. Namba 34. Kadi ya watu wawili."