Maharage ya Lushoto: Tuhesabu Maganda au Tupime Punje?

Mkulima wa Lushoto anayetunza mbegu yake hupita shambani kabla ya kung'oa maharage, akateua mashina yaliyojaa maganda. Watafiti wa mbegu hufanya karibu vilevile, ila wao huhesabu: maganda kwa shina, punje kwa ganda, gramu za punje 100. Kisha hutazama sifa ipi inakwenda pamoja na mavuno. Mara nyingi maganda ndiyo huongoza, na ndiyo maana wapo wanaotaka tuchague kwa maganda peke yake.

Hoja yao ina uzito. Mavuno ya shina moja hudanganya, maana lililoota penye samadi litazaa hata likiwa la mbegu dhaifu. Tangu Mmarekani Sewall Wright aeleze mbinu yake ya uchambuzi wa njia mwaka 1921, mtafiti anaweza kutenganisha sifa inayoleta mavuno yenyewe na ile inayobebwa na nyingine. Hapo misimu mingi ya kubahatisha huokolewa.

Lakini chakula cha mmea kina kikomo. Maganda yakizidi, punje huwa ndogo. Chukua shina lenye maganda 20, punje nne kila ganda, na punje 100 zenye gramu 45: linatoa gramu 36. La pili lina maganda 30, punje nne nne, ila punje 100 ni gramu 25: linatoa gramu 30 tu. Aliyehesabu maganda amechagua la pili! Na mnunuzi aliyezoea punje nene kama za aina ya maharage iitwayo Lyamungo 90 atalipita gunia lake pale soko la Mgandini, Tanga.

Isitoshe, maganda hubadilika sana kwa mvua na nafasi ya kupandia. Jua likikaza wakati wa maua, maua hupukutika. Uzito wa punje hurithiwa kwa uthabiti zaidi. Uhusiano wa maganda na mavuno uliopimwa Arusha hauwezi kuhamishiwa Usambara bila kujaribiwa kwenye miteremko yetu, masika na vuli.

Mimi naona maganda yawe chujio la kwanza, lenye sharti la uzito wa punje usioshuka. Watasema majaribio hayo ni ghali. Ni ghali kweli, ila mkulima akipewa mbegu yenye punje zisizonunuliwa, gharama yote inamwangukia yeye. Na kabla aina mpya haijapewa jina, ipikwe: mama wa pale Soni, wilayani Lushoto, anayenunua mkaa anataka kujua inaiva kwa muda gani.