100% ya nini? Wasanii wa Kisumu na dili za usambazaji

Ukikaa na watu wa ohangla (muziki wa Kiluo) ama hawa vijana wa rap pale Kondele, ushauri ni ule ule: usimpe mtu asilimia ya ngoma yako, lipia DistroKid (kampuni ya mtandaoni inayopeleka ngoma kwa Spotify na kwingine) mwenyewe dola 20 na kitu kwa mwaka, pakia ngoma zote unazotaka na kila senti inabaki yako. Anayeitisha asilimia ni mwizi, kesi imeisha.

Sasa ushauri wenyewe si mbaya. Kama unatoa ngoma kila mwezi na uko na wasikilizaji hadi ughaibuni, lipia tu. Lakini tufanye hesabu, tuseme ada ni dola 23, hiyo ni karibu 3,000 za Kenya. Ngoma zako zote zikiingiza 6,000 kwa mwaka, nusu imeenda. Jamaa anayesambaza kwa asilimia, tuseme 20%, angechukua 1,200. Mpaka upitishe 15,000 kwa mwaka ndio ada inaanza kuwa rahisi kuliko huyo "mwizi", na wasanii wengi ninaowajua huku pesa yao ni ya shoo na kutuzwa, ya strimu haijawahi kunusa hapo. Halafu tangu 2024 Spotify hailipi ngoma ambayo haijafikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hivyo kuna ngoma hapa mtu anamiliki 100% ya sufuri.

Na hesabu ni kitu kidogo, kinachoniuma ni siku ya kadi. Ada ni ya kila mwaka, pesa isipopatikana ngoma zinaweza kuondolewa mtandaoni, isipokuwa ulilipa nyongeza ya kuziacha huko, na hiyo nyongeza ni kwa kila singo ama albamu. Msanii alijisajili Desemba shoo zikiwa zimejaa, mwaka unaisha, ile kadi ya M-Pesa GlobalPay haina kitu, barua pepe za kumkumbusha zinaingia kwa akaunti ambayo produsa ndiye alifungua na paswadi ako nayo yeye. Anakuja kujua DJ akimuuliza mbona linki haifunguki. Sasa anapakia tena mbio mbio, hakumbuki ISRC (namba ya kutambulisha rekodi) ya zamani, anapewa mpya, strimu zinaanza sufuri na plelisti iliyokuwa imembeba imeshamtoa. Miaka mitatu ya kazi imepotea juu ya shilingi 3,000 za Januari.

Wa asilimia hana hiyo siku. CD Baby kwa mfano, kampuni nyingine ya usambazaji, unalipa mara moja ukipakia, wao wanakata 9% na ngoma inakaa. Hata wakala wa hapa hapa, ngoma yako ikishuka na yeye amekosa, ndio maana atakupigia simu.

Wanaopinga asilimia wako na pointi pia, na ni nzito. Kuna mikataba inatembea huku mtu anapewa elfu 30 ya kushuti video, anasaini bila kusoma, kumbe ni miaka 5 inayojirefusha yenyewe usipoandika barua ya kukataa mapema, na hiyo elfu 30 inakatwa kwa mapato yako kwanza kabla uone kitu. Wengine wanaweka ngoma kwa Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua muziki wa mtu) halafu video iko kwa chaneli yako mwenyewe inadaiwa na wao. Hiyo sitetei. Lakini ubaya wote hapo ni wa muda na masharti. Asilimia 15 ya mwaka mmoja, unatoka ukitaka, hiyo ni dili ya kawaida kabisa.

Ukipewa karatasi, kabla hata ya kuangalia asilimia tafuta pale wameandika Skiza, ile huduma ya Safaricom ya ngoma anayosikia anayekupigia simu. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa 2022 inampa msanii si chini ya 52% ya pesa ya miito ya simu, na kwa watu wa huku hiyo mara nyingi inashinda strimu zote. Kama mkataba wa "kusambaza mtandaoni" umeingiza Skiza ndani, huyo anakula kwa hiyo 52% yako, mwambie aitoe ama usisaini.