Asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo: mzigo umemwelemea mwenye slipu

Chukua mwalimu wa sekondari ya serikali mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Kabla hajaugusa, mfuko wa pensheni umekata 40,000, bima ya afya 24,000, chama cha wafanyakazi 16,000 na kodi ya mapato 68,000. Halafu unakuja mstari wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: 120,000. Hiyo ndiyo asilimia 15, na ndilo kato kubwa kuliko yote kwenye slipu yake. Anabaki na 532,000, na hapo bado hajalipa pango, hajapanda daladala, wala hajamtumia mdogo wake hela ya shule.

Kilio cha kutaka kiwango hiki kishushwe ni cha siku nyingi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Yalipopanda hadi 15, yaliwakumba hata waliokopa na kuanza kulipa kwa masharti ya zamani, watu waliokwisha kupanga maisha yao kwa hesabu ya 8. Hoja hiyo naiona nzito sana. Mkopo ni makubaliano, na upande mmoja ulibadilisha makubaliano wakati upande wa pili hana pa kukimbilia, kwa sababu mwajiri anakata kabla mshahara haujaingia benki.

Lakini wanaotetea asilimia 15 nao wana la kusema, na tusiwapuuze. Fedha hizi zinarudi chuoni. Mwanafunzi anayepata mkopo kamili wa chakula na malazi, yaani boom, anapewa 10,000 kwa siku. Makato ya mwezi mmoja ya mwalimu wetu yanamtunza mwanafunzi huyo siku 12. Bajeti ya mikopo imepanda kutoka shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25, na serikali inastahili pongezi kwa hilo. Ila waombaji nao wanaongezeka, na tangu 2023/24 mikopo imefika hadi kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Majina yanapotoka, bado wapo wanaokosa kabisa na wapo wanaopangiwa kiasi kisichofikia ada. Kuna kijana aliyesomeshwa sekondari ya binafsi kwa msaada wa mjomba, na shule hiyo hiyo ikamfanya aonekane anatoka kwenye familia inayojiweza. Anayetaka makato yapungue leo anadaiwa jibu kuhusu kijana huyo.

Watetezi huongeza kwamba kulipa haraka ni nafuu kwa mkopaji mwenyewe. Zamani ilikuwa kweli. Kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa deni la milioni 12 hiyo ni 720,000, nusu kamili ya makato yote ya Bodi kwa mwaka kwa mwalimu wetu. Watu walilipa miaka na deni halisogei. Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta 2021 akianzia na tangazo lake la Mei Mosi, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikafutwa mwaka huo huo. Sasa deni la milioni 12 linaisha kwa miaka minane na miezi minne kwa makato ya 15, au zaidi ya miaka 15 kwa makato ya 8, na mkopaji halipi senti ya ziada kwa kuchelewa huko. Anayepoteza ni Bodi, maana shilingi itakayorudi baada ya miaka 15 haitanunua sahani ile ile ya wali maharage. Kwa hiyo kukirudisha kiwango kwenye 8 kwa kila mtu, bila chanzo kingine, kungewaumiza wanaosubiri mkopo.

Chanzo kingine kipo, nacho kinazungumzwa kidogo mno: wahitimu wasio na mwajiri. Sheria inawataka waliojiajiri walipe angalau 100,000 kwa mwezi. Kwa wakili mwenye ofisi yake au mfanyabiashara wa vipodozi Kariakoo, laki moja ni ndogo. Kwa mhitimu anayeendesha bodaboda na kubakiwa na 300,000, ni theluthi ya kipato chake, zaidi ya mara mbili ya asilimia anayokatwa mwalimu. Sishangai akinyamaza na kujificha. Matokeo yake, mwenye mshahara hukatwa bila kukosa mwezi, mwenye biashara kubwa hulipa akipenda, na mwenye kipato kidogo hawezi kulipa hata akitaka.

Mimi nipo upande wa kushusha, ila kwa ngazi. Mwenye mshahara mdogo akatwe 8, na 15 ibaki kwa wenye mishahara ya juu. Laki moja ifutwe, aliyejiajiri naye alipe kwa asilimia ya kipato, hata kama mwezi mwingine ni elfu kumi. Namba ya utambulisho wa mlipakodi na kitambulisho cha taifa vinatosha kumpata mwenye duka lenye leseni anayedaiwa tangu alipohitimu. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kumtumia mwajiri orodha ya majina, lakini Bodi ianzie huko kabla ya kugusa tena slipu ya mwalimu.