Kazi za nyumbani: nani hasa anaonewa?

Mzazi wa mjini anayemtaka mwanawe wa miaka 10 au 12 afue nguo zake za ndani, aoshe vyombo alivyotumia na kusugua choo, ilhali nyumbani yupo dada wa kazi anayelipwa mshahara, siku hizi huonekana mshamba, na wakati mwingine mwonevu. Hoja zinazotolewa dhidi yake si za kupuuzwa. Mtoto wa Dar es Salaam anayesoma mbali na kwao hupanda basi la shule alfajiri na kurudi jioni amechoka, kisha anasubiriwa na mazoezi ya shule na, mtihani wa darasa la saba unapokaribia, tuisheni. Wapo pia wanaokumbusha, na ni kweli, kwamba kwa jina la malezi watoto wengi wametumikishwa.

Hao hupenda kutaja makadirio ya UNICEF ya mwaka 2016: wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia muda mwingi zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa rika lao katika kazi za nyumbani zisizo na malipo, kuteka maji na kuokota kuni, na pengo hilo hufikia saa milioni 160 kila siku. Takwimu hii husomwa kama hukumu juu ya kazi zenyewe, wakati kinachopimwa ni pengo, na pengo lina pande mbili. Upande mmoja yupo binti anayeinamia karai badala ya daftari. Upande wa pili yupo kaka yake aliyekaa sebuleni akisubiri kuletewa sahani, ambaye anakua bila kujua hata kuinjika chai. Ukimpunguzia binti bila kumwongezea kaka, mzigo unahamia kwa mama au kwa dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti wa watu aliyemzidi mtoto wa nyumba hiyo miaka michache tu. Ajabu ni kwamba katika mijadala ya haki za mtoto, dada huyo hatajwi.

Isitoshe, UNICEF haihesabu kila kazi kuwa utumikishwaji. Kwa mtoto wa umri huo, kazi za nyumbani huingia katika hesabu hiyo zinapofikia saa 21 kwa wiki, yaani saa tatu kila siku. Kufikicha soksi na chupi kwa kipande cha sabuni ya mche wakati wa kuoga hakumalizi hata robo saa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 nao unakataza unyonyaji wa watoto katika ibara ya 15, na katika ibara ya 31 unampa mtoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wake panapohitajika. Walioutunga hawakuona mgongano hapo.

Kinachosahaulika zaidi ni umri wenyewe. Hii ndiyo miaka ambayo jasho huanza kunuka na baadhi ya wasichana huvunja ungo. Binti ambaye hajawahi kufua chupi yake atajifunza lini kufua kitambaa cha hedhi na kukianika juani, badala ya kukificha kikiwa kibichi uvunguni mwa kitanda? Somo hilo likianza siku ya damu ya kwanza, huja limechanganyika na hofu na aibu. Aliyekwisha kuzoea beseni na kamba ya nguo huliona ni nyongeza ndogo. Shuleni usafi hufundishwa, lakini mtihani wa kuchagua jibu sahihi hauwezi kuonyesha kama kola imetakata.

Suala la muda linabaki, na hapo wapinzani wana haki yao. Kwa siku za shule zinatosha nguo za ndani, kutandika kitanda na kuosha sahani. Choo, pasi na jiko visubiri Jumamosi, kwa zamu, kaka na dada sawasawa. Mwezi wa mtihani ukifika, zamu ya jikoni ya mtahiniwa apewe baba.