Shule za biashara za Lubumbashi zianzie Kasumbalesa

Shule ya biashara ikitaka sifa hapa Lubumbashi, hujitangaza kuwa ya kimataifa. Ukiuliza kwa nini, mara nyingi utaambiwa ina mkataba na chuo cha Ufaransa au Ubelgiji, na kwamba kuna profesa mgeni anayekuja kufundisha siku chache. Sina ugomvi na mikataba hiyo. Kinachoniuma ni kuona kijana anamaliza masomo akiijua vizuri soko la hisa la Paris, huku Kasumbalesa, mji wetu wa mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa, hajawahi kufundishwa inavyofanya kazi.

Pale ndipo shaba na kobalti yetu hupita kwenda Dar es Salaam na Durban. Pale ndipo huingia sehemu kubwa ya bunga, yaani unga wa mahindi, tunayopikia bukari, ugali wetu. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa muda, baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje na madereva kuandamana. Mjini kila mtu alikuwa na maoni yake. Lakini kwa mwanafunzi wa biashara hilo ni somo la muhula mzima. Lori likikwama, gharama za kusubiri ni za nani? Mkataba unasema mzigo unakuwa wa mnunuzi wapi, ghalani Kitwe, kule Zambia, au ukishavuka? Benki iliyokopesha fedha za mzigo ule inafanya nini? Harvard imefundisha kwa visa halisi vya namna hii kwa takriban karne nzima. Sisi kisa tunacho mlangoni, na hakuna atakayekiandika vizuri kuliko sisi.

Chukua ankara moja tu ya vipuri vya kinu cha kusaga mahindi, vilivyonunuliwa Kitwe. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Zambia, na kwetu kodi hiyohiyo, TVA, ni asilimia 16 vilevile. Bidhaa inayouzwa nje ya Zambia hutozwa sifuri, mradi kuwe na hati zinazothibitisha kwamba imetoka nchini. Mfanyabiashara asiyejua hilo hulipa kodi dukani kule, kisha hulipa tena forodhani huku, na faida yake yote imekwisha kabla hajafika Lubumbashi. Mama wengi wa sokoni wameyajifunza haya kwa kupoteza fedha. Mwenye diploma ya biashara hana sababu ya kuyajifunza kwa hasara kama hiyo.

Halafu kuna uhasibu. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tunafundisha SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa umoja huo, na ni sawa, ndiyo sheria. Lakini Zambia na Tanzania hutumia IFRS, viwango vya kimataifa vya hesabu. Mhasibu wetu anayeomba kazi kwenye kampuni ya usafirishaji yenye ofisi Ndola na Dar es Salaam atatakiwa kuzisoma zote mbili. Kwa nini asizisome pamoja, darasani, tangu mwaka wa pili?

Lugha nazo tunazo, na hili naliona halithaminiwi kabisa. Kifaransa cha darasani, Kiswahili kinachotufikisha hadi Dar es Salaam, Kibemba kinachoongewa pande zote mbili za mpaka. Kinachopungua ni Kiingereza cha kazi, cha kuandika barua ya madai na kusoma mkataba, na hicho hufunzwa vizuri zaidi mtu akiishi kinakotumika.

Kwa hiyo naomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu: muhula mmoja Kitwe, katika Copperbelt University, na wanafunzi wao waje kwetu muhula huohuo. Basi linatosha, ndege haihitajiki. Mfumo wa LMD tulioingia, wa shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu, unahesabu krediti 30 kwa muhula, na wakuu wa vyuo wakikubaliana mapema ni masomo gani yatatambuliwa, mwanafunzi hatarudia mwaka. Wazazi watauliza kuhusu malazi na usalama, na wana haki ya kujibiwa kabla ya kulipa chochote. Kundi la kwanza liwe dogo, na kila mwanafunzi arudi na kisa kimoja cha biashara ya mpakani alichokiandika pamoja na mwenzake wa Zambia, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kitakachofundishwa mwaka unaofuata katika vyuo vyote viwili.