Neema wa Mapokezi Ameacha Kazi

Nianze na sketi, maana najua ndiyo iliyowaleta. Stori ya Chipsi inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi inasema nilikutwa nimevaa gauni, wigi na rangi ya mdomo, nikimtongoza mwenyekiti wa kwaya. Uongo mtupu. Wigi sina, rangi ya mdomo sikupaka, na gauni halikuwepo.

Ilikuwa sketi. Na nilikuwa kazini.

Chipsi ni jirani yangu wa fremu pale Tandika, anakaanga mlangoni, mimi nashona ndani. Pango tunachanga. Kila kitu anachokijua kuhusu maisha yangu amekisikia kupitia pazia, kwa hiyo msimchukulie kama shahidi. Ni mpelelezi anayeuza mayai.

Sasa Neema. Wateja wangu wa siku nyingi wanamjua, angalau kwa sauti. Ukiwa fundi cherehani, mteja akikupigia hakusalimii. Anaanza, "Fundi, nguo yangu iko wapi?" kwa sauti ile ya mtu aliyeibiwa. Ukijibu "kesho", anasonya hadi sikio linapata unyevu. Basi nikaenda semina ya ujasiriamali, kiingilio 10,000, soda na cheti humo humo. Mtoa mada akatuambia tatizo letu ni kujiita mafundi. Jiite mkurugenzi, akasema, watu watakulipa kikurugenzi. Nilitoka pale sikufika hata nyumbani, nikanyoosha Kariakoo kuchapa kadi: Mkurugenzi Mtendaji, Idara ya Ubunifu, Idara ya Uhasibu, Mapokezi (Neema). Idara zote namba moja ya simu. Makao Makuu: Tandika.

Na huku kwenye droo nimeweka kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, vile vya Magufuli vilivyoanza kutolewa Desemba 2018, ulikuwa unalipia 20,000, sharti lilikuwa mauzo yako yasizidi milioni 4 kwa mwaka. Hilo sharti halijawahi kuninyima usingizi. Kuna miaka nimelitii kupita kiasi.

Neema alikuwa mimi, nimebana pua kidogo na kutabasamu. Kutabasamu ndiyo siri, wala msidhani ni koo. Jamani, yule dada alikuwa mchapakazi kuliko mwajiri wake. Mimi nikisema "kesho" ni fundi muongo. Neema akisema, "Kesho, dada yangu, Mkurugenzi yupo kikaoni," mteja anaomba samahani kwa usumbufu. Kikao chenyewe ni mimi na sindano iliyokatika. Mama mmoja wa Yombo alimtumia vocha ya 2,000 kwa ajili ya lugha yake nzuri. Niliitumia, Neema hakulalamika. Mteja mwingine aliniweka chini akanishauri nimpandishe mshahara yule binti kabla sijaporwa na kampuni kubwa. Nikamwahidi kulifikisha kwenye bodi.

Ndipo ikaja kwaya. Sare 32, kitambaa chao, satini rangi ya damu ya mzee, ufundi 15,000 kwa kila mmoja. Pigeni hesabu wenyewe. Mimi nilipopiga nilikaa chini. Mwenyekiti wao ni mzee wa heshima zake, anaongea taratibu kama anasoma matangazo ya ndoa. Alizungumza na Neema mara nne. Mara ya nne akamwambia, "Binti, hiyo ni sauti ya soprano kabisa, mbona huimbi?" Neema akacheka. Nilipokata simu, Chipsi aliniangalia muda mrefu mpaka viazi vikaungua.

Jumamosi wakasema watakuja "ofisini" saa kumi kuona sampuli. Saa saba mchana nikaimaliza sketi. Sanamu langu nilimwazima fundi mwenzangu msimu wa send-off, hadi leo sanamu liko harusini. Nitajuaje pindo limekaa sawa? Mafundi mliopo humu semeni ukweli, msiniache peke yangu. Nikaingia nyuma ya pazia, nikavua suruali, nikaivaa hiyo sketi. Sketi ya marinda, kipimo cha kati. Nikainama nikapachika pini kuzunguka pindo, nyingine nimezibana kwa meno. Ilikuwa imetoka vizuri, hilo mtu asinivunje moyo.

Simu ikalia. Mwenyekiti. Nikatema pini, nikabana pua, nikatabasamu.

"Karibu sana, unaongea na Neema, nikuhudumie nini?"

"Binti, hujambo? Tumewahi kidogo. Tuko Tandika tayari, jengo lenu ni lipi?"

Hapa naomba twende polepole, maana hapa ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuokoka. Kwenye simu nilisikia mafuta yakichacharika. Kwenye sikio la pili nikasikia mafuta yakichacharika. Mtoto kwenye simu akasema, "Naomba chipsi za mia tano." Mtoto nje ya pazia akasema, "Naomba chipsi za mia tano." Kichwa changu kikapokea taarifa zote mbili, kikazipanga vizuri kila moja upande wake, kikaniambia: Tandika kweli imejaa chipsi siku hizi.

"Subirini hapo hapo mzee wangu," Neema akasema, "namtuma dereva awafuate. Ngoja nikuunganishe na Mkurugenzi."

Kuunganisha kwetu kuna utaratibu. Kwanza nagonga kastabini kwenye kopo la vifungo, tik tik tik, ndiyo kompyuta hiyo. Halafu unafuata muziki wa kusubirisha, ambao pia ni mimi. Kwa kuwa mteja ni kwaya, nikaona niheshimu, nikaanza kuvumisha tenzi kwa pua. Mstari wa kwanza nikaenda mwenyewe. Mstari wa pili ikaingia alto.

Nikadhani ni mwangwi wa mtandao.

Mstari wa tatu ikaingia besi, nzito, inatetemesha mpaka karatasi za patani ukutani. Nikajisemea, leo mtandao uko vizuri sana. Naapa ndivyo nilivyofikiria. Nikafumba na macho. Wale watu walikuwa wananivumishia wakiwa hatua tatu kutoka nilipo, simu ya mzee ikiwa kwenye spika, kwa sababu mwanakwaya ukimwanzishia wimbo hawezi kukuacha uimbe peke yako, hata kama wewe ni tapeli.

Ubeti ukaisha. Nikakohoa, nikashusha sauti mpaka kifuani.

"Mkurugenzi hapa."

Kimya. Hata mafuta ni kama yalinyamaza. Kisha nikasikia ile sauti ya matangazo ya ndoa, safari hii haikupitia kwenye simu kabisa.

"Mkurugenzi, hiyo si sketi yetu?"

Nikatazama chini. Pazia langu lilirudi fupi tangu nilifue, linaishia chini kidogo ya goti. Kwa hiyo muda wote wa Neema, wa kompyuta, wa dereva na wa muziki, watu wa Mungu walikuwa wanatazama kandambili mbili zisizofanana, miguu yenye nywele zake, na marinda ya damu ya mzee yakichezacheza kufuata mdundo.

Akili ikaniambia vua. Nikashika zipu, ikashuka vidole viwili ikauma bitana, ikagoma. Zipu niliyoiweka mwenyewe! Nikavuta, pini tatu zikaniingia pajani, nikaruka, nikajishikilia kwenye kitu cha karibu. Kitu cha karibu ni pazia. Pazia limefungwa kwa kamba ya manila kwenye msumari mmoja, na huo msumari aliugongelea Chipsi.

Mwanga ukaingia. Nikaona uso mmoja mmoja. Mzee kashika simu mbele ya kifua, bado inahesabu dakika. Akina mama wanne, mmoja mdomo umebaki kwenye herufi O ya wimbo. Mtoto na kimfuko chake cha chipsi. Bodaboda wawili ambao hawakuwa na shida ya nguo wala chakula. Chipsi na kijiko chake cha matundu juu, mafuta yanadondoka. Na mimi hapo katikati, futi kamba shingoni, kastabini kidoleni, simu sikioni. Nikafanya kitu ambacho mpaka sasa sijui kilitoka wapi. Nikabana pua nikasema:

"Mkurugenzi ametoka kidogo."

Yule mama wa alto akakaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, kwenye ndoo ya maganda.

Mengine ni mafupi. Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akafungua droo kutafuta kalamu akakutana na kitambulisho, akasoma kwa sauti, "Mjasiriamali mdogo," akarudia "mdogo" mara mbili. Walikagua pindo nikiwa nimelivaa, wakasema liko sawa ila lishuke nusu inchi. Wakaacha 240,000 ya kuanzia. Zipu ilifunguliwa kwa sabuni, na Chipsi, na hilo hatulizungumzii. Mama wa Yombo ameshanipigia kudai vocha yake.

Nimewaona pia mnaoniandikia "Neema mambo" tangu asubuhi. Wa pili kutoka juu, suti yako bado iko mikononi mwangu, jiheshimu.

Nikatangaza Neema ameacha kazi. Leo saa nne namba ngeni ikaita, mama mmoja ana kitchen party, magauni 14, anaomba aongee na yule dada wa mapokezi aliyesifiwa na shoga yake kwamba ana lugha nzuri. Chipsi akazima jiko ili asikie vizuri.

Nikamwomba yule mama asubiri kidogo. Nikainama kwanza, nikachungulia chini ya pazia kama kuna miguu.