Simbilisi: majani ni ya bure, matunzo si ya bure

Wanaosema simbilisi (guinea pig) ni mnyama mzuri wa kumfugia mtoto wana hoja nzito, na hapa Moshi inazidi kuwa nzito. Ni mpole, hana kelele za kusumbua majirani, anakula majani. Kuna nchi ambako wafugaji wake hununua nyasi kavu dukani. Kibosho au Marangu, majani ya ng'ombe yapo kihambani, yaani kwenye shamba linalozunguka nyumba. Mtoto akitoka shule anakata konzi mbili, kazi imekwisha.

Ila hesabu haiishii kwenye majani. Kama sisi, mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kilo ya uzito wake kila siku. Akilishwa pumba tupu, ndani ya wiki chache viungo vinavimba, anashindwa kutembea, na watu wanadhani kazubaa tu. Kipande cha pilipili hoho kinazuia mateso hayo. Si fedha nyingi, lakini ni ya kila siku, kwa miaka mitano hadi minane. Aliyemwomba akiwa darasa la tatu atafika sekondari mnyama bado yupo, na wa kuosha banda atakuwa mama. Hata majani yenyewe yanataka macho: ya mparachichi, uliojaa kwenye viwanja vyetu, ni sumu kwake.

Kinachoniumiza zaidi ni anapougua. Mtu anaona anakohoa, anampa amoksilini iliyobaki kabatini. Dawa hiyo, sawa na penisilini, huvuruga bakteria wa tumboni mwake. Anaharisha na kufa. Kumwita daktari wa mifugo kunaweza kuzidi bei ya simbilisi mwenyewe, na hapo wengine huamua kumwacha afe. Mimi siukubali uamuzi huo. Bei aliyonunuliwa haipunguzi maumivu yake, na fedha ya matibabu ingepangwa kabla hajaletwa nyumbani.

Joto nalo: Februari mjini hupita nyuzi 30, na kibanda cha bati kilichopigwa jua kinamuua. Kivuli ni lazima.

Kuhusu kuzaana, wapo wanaoiona ndiyo faida: wa ziada wanauzwa au wanaliwa, kama huko Peru. Kwa mfugaji wa kitoweo ni hoja halali. Kwa mtoto aliyekwisha kuwapa majina, hapana. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu, akaibeba siku kama 65, na kushika nyingine saa chache baada ya kuzaa. Kumfuga peke yake pia si jibu, maana ni mnyama wa kundi na upweke unamdhoofisha. Ningemshauri mzazi achukue majike wawili waliokua pamoja, na awaonyeshe kwanza kwa anayejua kutofautisha dume na jike, kwa sababu wakiwa wadogo wanafanana sana.